Shimo la Waziri

Ilikuwapo nchi moja, na hata leo ipo. Ukiamka mapema utaisikia ikijisifu redioni. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, la hasha, ni kwa adabu tu niliyofunzwa nyumbani, kwamba mtu akitoka amevaa nguo kinyume humwiti kwa jina mbele za watu.

Nchi hiyo iliyapenda mazingira kupita nchi zote. Ilikuwa na Wizara ya Mazingira, Mandhari na Hali Nyinginezo. Ilikuwa na Wiki ya Mazingira, iliyodumu siku kumi na moja kwa sababu hotuba hazikutosha katika saba. Tena ilikuwa na kanuni kwamba kila mwanafunzi wa darasa la saba apelekwe Msitu wa Taifa akajionee uumbaji kwa macho yake. Safari hiyo ilibeba robo nzima ya alama za mtihani. Asiyekuwa na alama za msituni hafaulu, na asiyefaulu, basi tena, sekondari ataisikia kwa wenzake.

Wizara nayo ilikuwa na huruma. Ili watoto wasihangaike kutafuta vitu porini, iliwapa mapema fomu iliyoitwa Orodha ya Yatakayoonekana, imechapwa kwa wino wa kijani. Mvule: mingi. Mkangazi: mingi. Mninga: ya kutosha. Mbega: makundi. Ndege: wa kila namna. Viti vya asili vya wageni: vingi sana. Kazi ya mtoto ilikuwa kuweka alama ya vema mbele ya kila kitu, kazi ya mhifadhi kupiga muhuri, na kila mwaka taifa zima lilifaulu msitu kwa asilimia mia.

Sasa, katika Shule ya Msingi Bondeni Juu palikuwa na mwalimu wa sayansi aliyeitwa Nyamizi. Mwalimu Nyamizi alikuwa mtu mwema, mchapakazi, ila alikuwa na kasoro moja kazini: aliamini somo lake. Mwaka mzima aliwaimbia watoto, "Mwanasayansi huandika alichokiona. Hakuona, haandiki." Alisema hivyo kwa kuwa kitabu kilisema hivyo, ukurasa wa nne, na hakuna aliyemwonya kwamba kuna watoto wanaosikiliza.

Aliyesikiliza kuliko wote aliitwa Sikudhani. Binti mwembamba, mkimya, mwenye macho yasiyopitwa na sisimizi. Miaka sita ilikuwa imepita shule ile haijapeleka msichana hata mmoja sekondari, na safari hii kila mtu alijua kwamba kama yupo wa kwenda, ni huyu. Bibi yake alikuwa amekwisha kumnunulia tranka la bati la kwendea bweni. Lilikaa sebuleni, limefunikwa kitambaa, na wageni walikatazwa kulikalia.

*

Siku ya safari wakatoka asubuhi kwa miguu, watoto thelathini na wanane, Mwalimu Nyamizi mbele, na ndoo mbili za makande nyuma. Walipofika langoni wakakuta bango kubwa: MSITU WA TAIFA, HEKTA AROBAINI. SHIKANENI MIKONO MSIPOTEE.

Watoto wakashikana mikono, wakachungulia. Mbele yao palikuwa peupe mpaka upande wa pili, ambako mbuzi alikuwa amesimama anacheua. Hata rangi ya mbuzi ilionekana, kahawia na doa jeupe.

Akatoka kibandani Kaimu Mhifadhi Mkuu, Bwana Laurian Mpangala, mtu wa kitambi cha heshima na sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alikuwa amekaimu miaka kumi na moja bila kuthibitishwa, na mtu anayekaimu kwa muda huo hujifunza kuona kwa uangalifu mkubwa.

"Wanafunzi wapendwa!" akaanza. "Ninyi ni machipukizi ya mti mkubwa uitwao taifa! Mnaingia katika msitu mnene. Mnene, nasema! Mwaka juzi tulimpoteza mkaguzi."

"Maskini! Alipotelea wapi?" akauliza mtoto mmoja.

"Alihamishwa," akajibu Kaimu, na msafara ukaingia.

Wakatembea juani, Kaimu akionyesha kwa fimbo. "Kushoto kwenu, mvule!" Watoto wakageuza shingo kushoto. "Kulia, mninga!" Shingo zikaenda kulia. Kuku wawili wa Kaimu wakakatiza njia. "Ndege," akasema Kaimu, na watoto, waliokuwa wamekata tamaa kabisa, wakapiga makofi kwa furaha ya kweli.

Saa ya chakula wakakalishwa juu ya viti vya asili vya wageni. Vilikuwa visiki. Vingine vilikuwa vimekauka na kupasuka, vingine bado vilitoa utomvu ulionata kwenye sare za watoto. Kaimu akaeleza kwamba hapo awali wageni walikuwa wakikosa mahali pa kukaa, na Serikali Sikivu ikasikia kilio chao. Sikudhani hakula. Alikuwa anazunguka na daftari, midomo inacheza, anahesabu.

Mwisho wakapelekwa kwenye fahari ya msitu, Shimo la Waziri.

Hili nilieleze vizuri, maana kwenye nchi yako huenda halipo. Ilikuwa desturi ya nchi ile kwamba kila waziri mpya wa mazingira, kabla hajamaliza mwezi ofisini, apande mti. Na kwa kuwa kuchimba shimo jipya kila mara ni kuiumiza ardhi, wote walipanda katika shimo lile lile moja. Lilijengewa ukingo wa saruji, likafagiliwa kila Ijumaa, na kando yake palikuwa na zulia la kijani la kulinda viatu. Kulizunguka kulikuwa na vibao kumi na saba vya marumaru, kimoja kwa kila waziri, na kila kibao kilisema neno lile lile: HAPA MHESHIMIWA ALIPANDA MITI MILIONI MOJA.

"Mbona shimo ni moja, miti milioni?" akauliza Sikudhani.

Kaimu akatabasamu kwa kumhurumia. "Binti, hiyo ni Kanuni ya Uzito wa Mpandaji. Mti haupimwi kwa mti, unapimwa kwa aliyeupanda. Akipanda raia, mti mmoja. Akipanda mkuu wa wilaya, miti elfu. Waziri, milioni."

"Na mwanafunzi?"

"Nusu," akasema Kaimu. "Bado hajapiga kura."

Sikudhani akachungulia shimoni. Mlikuwa na kijiti kimoja kikavu, urefu wa mkono, na mfuko mweusi wa plastiki umekizunguka chini. Akaandika.

*

Jioni ilipokaribia watoto wakapanga foleni mbele ya kibanda wapigiwe muhuri. Vema, muhuri. Vema, muhuri. Ikafika zamu ya Sikudhani, na mkono wa Kaimu ukasimama hewani.

Fomu ya Sikudhani haikuwa na alama ya vema hata moja. Mbele ya mvule ameandika sifuri. Mkangazi, sifuri. Mninga, sifuri. Mbega, sifuri. Ndege: kuku wawili. Viti vya asili amevikata kwa mstari, akaandika juu yake: visiki, mia sita na kumi na viwili. Na chini kabisa ameongeza vya kwake: shimo moja, vibao kumi na saba, mbuzi mmoja (kahawia, ana doa).

"Mwalimu Nyamizi!" Kaimu akaita kwa sauti ya mtu aliyekanyaga moto. "Njoo uone maafa!"

Mwalimu akaja, akasoma. Kila neno lilikuwa kweli tupu.

"Mimi fomu hii sipigi muhuri," akasema Kaimu. "Na muhuri wa darasa ni mmoja. Mmoja akikosa, wote wamekosa. Hizi nilizokwisha piga nazifuta. Shule nzima mtaandikiwa sifuri. Watoto wa siku hizi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Watoto thelathini na saba wakamgeukia Sikudhani. Mwalimu akamshika mkono, akamvuta pembeni, akainama mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Mwanangu, weka vema tu. Ni vialama vidogo. Mkono haukatiki."

"Niweke wapi, Mwalimu?"

"Anza na mvule."

Sikudhani akauangalia uwanja wote, kutoka langoni mpaka kwa mbuzi. Kisha akamwangalia yeye. Hakuwa anashindana, alikuwa anauliza tu, kama alivyouliza darasani mwaka mzima.

"Mwalimu, wewe umeuona?"

Loh! Mwalimu Nyamizi aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Miaka kumi na minne alikuwa amewaleta watoto hapa, na kila mwaka walikuwa wameweka vema, na yeye mwenyewe alikuwa ameweka vema kwenye fomu ya walimu. Angesema ameuona, basi ukurasa wa nne na kurasa zote baada yake zingekuwa takataka. Angesema hakuuona, tranka la bati lingebaki sebuleni na kitambaa chake. Akasimama, akajipangusa jasho, akavitazama vile vibao vya marumaru vikimetameta. Akavitazama tena.

"Sikudhani," akasema polepole. "Vibao umevisoma?"

"Vyote kumi na saba."

"Umevisoma kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Mwalimu."

"Basi hicho ndicho ulichokiona. Andika vibao vinasema nini. Msitu huu ni hekta arobaini, langoni pameandikwa. Halafu piga hesabu, usipunguze, usiongeze."

Sikudhani akakaa juu ya kisiki, akageuza fomu upande wa pili, akaanza. Alipomaliza alikuwa anang'ata kalamu ili asicheke.

*

Kaimu akapokea karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Kwa mujibu wa vibao vya serikali, msitu una miti milioni kumi na saba. Hekta arobaini ni mita za mraba laki nne. Kwa hiyo kila mita moja ya mraba ina miti arobaini na miwili na nusu. Mtoto wa upana wangu hawezi kupenya. Kwa hiyo hatukuingia msituni. Kwa kuwa hatukuingia, hatukuona mti wowote. Mahali tulipotembea sisi palikuwa mahali pengine."

Kaimu akaisoma mara ya pili bila sauti.

"Kwa hesabu hii," akasema mwishowe, "hata kibanda changu..."

"Kibanda ni mita tatu kwa nne," akasema Sikudhani kwa adabu. "Kina miti mia tano na kumi. Shikamoo."

Kaimu akageuka, akatazama ndani ya kibanda chake: kiti, meza, birika la chai. Akajibana ukutani kidogo, kama anayempisha mtu.

"Hii siwezi kuipiga muhuri," akanong'ona.

"Sawa, Bwana Kaimu," akasema Mwalimu Nyamizi, akatoa kalamu. "Naomba tu utuandikie sababu. Andika kwamba hesabu za vibao si za kweli. Vibao vya mawaziri kumi na saba. Weka na jina lako kamili, tusije tukalikosea."

Maji yalikuwa yamemfika Kaimu shingoni. Alivitazama vibao, na vibao vikamtazama. Miaka kumi na moja ya kukaimu ikapita mbele ya macho yake, na nyuma yake akamwona yule mkaguzi aliyehamishwa. Akavuta pumzi, akapiga muhuri kwa nguvu hata kuku wakakimbia.

*

Karatasi ya Sikudhani ikapanda. Kutoka wilayani ikapanda mkoani, kutoka mkoani ikapanda wizarani, na kila ofisi ikaandika pembeni, "Imeonekana, ni nzuri." Mpaka ikafika mezani kwa Mheshimiwa Waziri, ambaye alikuwa wa kumi na nane na alikuwa na wiki moja kazini. Akasoma mpaka "miti arobaini na miwili na nusu" na hakusoma zaidi, kwa furaha.

Jumamosi hiyo hiyo akaja mwenyewe. Mahema yakafungwa, zulia la kijani likakung'utwa, sufuria za pilau zikainjikwa, na Shule ya Bondeni Juu ikaketishwa mbele. Mheshimiwa akaketi katika kiti kilicholetwa naye kutoka mjini, cha mbao nyekundu, kirefu cha mgongo, kimenakshiwa simba wawili, kimepakwa vanishi mpaka mtu anajiona. Kisha akasimama akahutubia.

"Ndugu wananchi! Leo imethibitishwa na mtoto wa kike, tena kwa sayansi, kwamba msitu wetu ni mnene kuliko misitu yote duniani! Mnene hata hauingiliki! Wapo wanaobeza, wanasema hatuoni miti. Nawajibu: nchi inayoiona miti yake ni nchi yenye miti michache!"

Makofi. Vigelegele. Kaimu akalia machozi.

"Kwa hiyo, kwa usalama wa watoto wetu wasije wakabanwa, kuanzia leo nafuta safari zote za msituni. Watasoma msitu kwenye picha. Na huyu binti, apewe alama zote!"

Bibi yake Sikudhani, aliyekuwa nyuma na kanga mpya, akapiga kigelegele kikavuka mahema. Ila Mwalimu Nyamizi, katikati ya shangwe, hakupiga makofi. Alikuwa amemwokoa mtoto mmoja, na kwa hesabu ile ile watoto wote wanaokuja nyuma hawataletwa hata kuona kwamba hakuna kitu. Sikudhani akamvuta mtandio.

"Mwalimu, nakala ya fomu yangu bado unayo?"

"Ninayo."

"Naomba niongeze vema moja. Mkangazi nimeuona." Akanyoosha kidevu kuelekea jukwaani. "Ameukalia."

Ikaja saa ya kupanda. Mheshimiwa akasimama juu ya zulia, akapokea mche kwa ncha za vidole, akautumbukiza shimoni na kiriba chake cha plastiki, hivyo hivyo, kwa maana kuvua kiriba kunachafua mikono. Akamwaga maji kikombe kimoja. Kibao cha kumi na nane kikafunuliwa. Miti milioni moja. Kisha wakubwa kwa wadogo wakaelekea kwenye pilau, na shimo likabaki peke yake juani.

"Hautaota," akasema Sikudhani. "Mizizi imefungwa. Ndiyo maana wote walikufa."

Mwalimu Nyamizi akatazama kulia, akatazama kushoto. Watu walikuwa wanagombania minofu. Akapiga moyo konde, akapiga goti, akaunyanyua mche ule pamoja na kiriba chake kama mtu anayeepua chungu. Ulikuwa mkangazi, majani manne. Sikudhani akachukua kile kijiti kikavu cha mwaka jana kilichotupwa kando, akakisimamisha mahali pake, akakifukia vizuri. Kwa mbali hakuna kilichobadilika. Mwalimu akaufunika mti wa serikali kwa mtandio, na mwizi na mwanafunzi wake wakarudi nyumbani bila kuonja pilau.

Wakaupanda nyuma ya darasa la saba siku ile ile. Sikudhani alichimba shimo mwenyewe, akavua kiriba, akafungua mizizi kwa vidole, akaushindilia udongo. Wakaunyweshea maji ya kunawia mikono. Januari, tranka la bati likatoka sebuleni, likapanda basi, na Sikudhani akaenda sekondari. Kila barua aliyomwandikia Mwalimu ilianza na salamu na kumalizika na swali moja: umefika wapi?

*

Mwaka wa nne serikali ikatangaza Sensa ya Miti. Siku moja ya jua la utosini, Mwalimu Nyamizi akamwona mtu wa sare iliyopigwa pasi anaingia uwanjani na faili. Alikuwa Bwana Laurian Mpangala. Safari za msituni zilipofutwa alihamishiwa sensa, akawa Kaimu Mhesabu Miti Mkuu.

Alizunguka shule nzima, akafika nyuma ya darasa la saba, akasimama. Mkangazi ulikuwa umeshapita paa. Ulikuwa na shina la kukumbatiwa, na juu kabisa palikuwa na kiota na ndege anayefoka.

"Nani aliupanda?" akauliza Kaimu.

Mwalimu akajibu, "Mwanafunzi."

"Mwanafunzi, nusu." Kaimu akaandika. "Na kwa maelekezo mapya nusu haibebwi, inashushwa."

"Inashushwa mpaka wapi?"

"Mpaka sifuri, Mwalimu."

"Bwana Kaimu, lakini si unauona?"

Kaimu akamtazama kwa upole. "Mwalimu, mimi sikutumwa kuona. Nimetumwa kuhesabu. Hata hivyo usihuzunike, wilaya yetu ina miti milioni kumi na nane."

Akatafuta mahali pa kuandikia. Jua lilikuwa linachoma, na kote kulikozunguka palikuwa peupe, mpaka kule ng'ambo. Basi akaketi chini ya mkangazi, akaegemeza mgongo kwenye shina, akanyoosha miguu kivulini, akaweka faili mapajani, akaandika kwa mwandiko mzuri: Shule ya Msingi Bondeni Juu, hakuna mti. Jani likamdondokea juu ya karatasi. Akalipuliza, akapiga muhuri.

Kisha akamwomba Mwalimu ruhusa akae hapo kidogo, mpaka jua lipungue.